Kwa nini marafiki hugombana siku ya nne ya likizo kisiwani?

Mchanga_Moto (mleta uzi) #1
Habari wakuu. Kuna jambo linanisumbua tangu nirudi likizo.

Nilikwenda kisiwani kwa wiki moja na rafiki yangu. Tumejuana miaka 11 na hatujawahi kununiana. Kisiwa cha joto, mchanga mweupe, matumbawe, chumba kimoja chenye vitanda viwili. Siku za mwanzo tulicheka mpaka mbavu zikauma. Siku ya nne asubuhi akatoka baharini, akajifutia miguu yenye mchanga kwa taulo langu. Nikamwambia neno moja, akanirudishia kumi. Hatukusemezana mpaka siku ya tano jioni, na kitanda chake na changu vimeachana hatua mbili tu.

Ningesema ni taulo. Lakini miaka mitatu nyuma nilikwenda kisiwa kingine na rafiki mwingine, yakatokea yale yale, siku ile ile ya nne, safari hiyo kisa chaja ya simu. Nimewauliza wenzangu kazini, mmoja akaniambia na yeye ilikuwa siku ya nne. Kuna nini siku ya nne?

Kisiwa sikitaji. Nikikitaja mtahama mada.

Kunguru Mwoga #2
Kisiwa gani?

Asali_Chungu #3
Kunguru wewe husomi, unapekua tu.

Mleta uzi, pole. Mimi naona hakuna siri. Mtu unamjua kwa saa mbili mbili: mnakutana, mnapiga soga, kila mmoja anarudi kwake. Miaka 11 ya saa mbili mbili ukiijumlisha haifiki mbali. Kisiwani mmekaa pamoja kutwa kucha. Hiyo siku ya nne ndiyo siku ulipokutana naye kwa mara ya kwanza.

Bwana Hesabu #4
Hili lina jina, wakuu. Mwaka 1991 watafiti wawili, Bechtel na Berning, waliandika kuhusu watu wanaokaa pamoja sehemu zilizojitenga, kama vituo vya barafuni. Wakaona hali ya moyo huporomoka muda ukishavuka nusu, iwe safari ni ya wiki au ya miezi. Wakaita hali ya robo ya tatu. Mtu anajua ameshamaliza nusu, lakini bado ana nusu nzima mbele yake pamoja na watu wale wale.

Sasa gawa siku 7 kwa nne. Robo ya tatu inaanza katikati ya siku ya nne na kuishia mwanzoni mwa siku ya sita. Mleta uzi kagombana siku ya nne, kapatana siku ya tano jioni. Mnataka nini tena?

Jirani Mwema #5
Mkuu hapo umetisha. Nimehamia kwenye huu uzi rasmi.

Mtu Mzima Dawa #6
Bwana Hesabu, mbili. Kwanza, kituo cha barafuni mtu hawezi kutoka nje akaogelea akili ikapoa. Pili, waliokuja baada ya hao wawili wamelitafuta jambo hilo kwenye makundi mengine, kuna waliolipata na kuna waliokosa. Si sheria.

Na ya tatu, kwa hesabu yako mwenyewe: robo inaanza katikati ya siku ya nne. Yeye kasema asubuhi. Asubuhi bado ni robo ya pili.

Bwana Hesabu #7
Mzee una roho mbaya. Saa chache hizo.

Mama Kimya #8
Mnazunguka mbali. Muulizeni kama walikuwa wanakunywa maji.

Kisiwani mtu anatokwa jasho bila kujua kwa sababu upepo unalikausha. Unakaa juani, unaingia baharini, mwili umelowa, kiu huioni. Chuo Kikuu cha Connecticut walipima wanawake vijana, matokeo yakatoka 2012: mwili ukipungukiwa maji kiasi cha asilimia 1.36 ya uzito, hali ya moyo inaharibika, kichwa kinauma, kazi nyepesi inaonekana nzito. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kama gramu 800. Unazimaliza kabla ya mchana. Ukirudia siku tatu mfululizo, taulo lazima liwe kesi.

Mchanga_Moto #9
Mama Kimya, hapo umenigusa. Mimi nilikuwa nakunywa, mwenzangu hapana. Alisema hataki kutafuta choo kila saa tukiwa kwenye boti.

Kitanda cha Dirishani #10
Jamani usingizi! Hakuna aliyetaja usingizi? Wawili chumba kimoja, mmoja anakoroma, mwingine anahesabu boriti za dari. Usiku wa kwanza unasamehe, wa pili unavumilia, wa tatu unamtazama mtu aliyelala na unawaza mambo ambayo hayafai kuandikwa hapa. Siku ya nne asubuhi unatafuta sababu tu.

Hata bila mkoromaji, sehemu mpya hulali vizuri. Chuo Kikuu cha Brown walitoa utafiti 2016: usiku wa kwanza ugenini upande wa kushoto wa ubongo haulali sawasawa na wa kulia, unabaki kama mlinzi. Mleta uzi, nani alikuwa anakoroma?

Mchanga_Moto #11
Swali linalofuata tafadhali.

Asali_Chungu #12
😂😂 Jibu tumelipata.

Mtu Mzima Dawa #13
Kitanda, utafiti huo ni wa usiku wa kwanza. Ukishazoea chumba, mlinzi analala. Kwa hiyo unaeleza ugomvi wa siku ya pili, si wa nne. Kukoroma nakuachia, huko nina ushahidi wa miaka 30 ya ndoa.

Nahodha Mkavu #14
Nimesoma vya wataalamu wa ubongo, hakuna hata mmoja aliyetazama bahari. Mleta uzi, hebu nijibu mawili. Mlikuwa mnaogelea saa ngapi? Na asubuhi ya taulo maji yalikuwaje?

Mchanga_Moto #15
Saa 1 asubuhi kila siku, kabla jua halijawa kali. Ndiyo ratiba aliyoipanga mwenzangu tangu kabla hatujaondoka, na hakutaka kuibadilisha. Asubuhi ya kwanza maji yalinifika kifuani hapo hapo karibu na ufukwe. Asubuhi ya ugomvi yalikuwa magotini, ikabidi atembee mbali juu ya mawe na matumbawe kutafuta kina. Akakanyaga kitu chenye miiba. Alirudi anachechemea na ana hasira.

Nahodha Mkavu #16
Haya. Sikilizeni.

Maji hayajai saa ile ile kila siku. Sehemu nyingi yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika kama 12. Mzunguko wote unasogea mbele takriban dakika 50 kila siku, kwa sababu unaufuata mwezi, na mwezi unachelewa kurudi juu yako.

Tuseme siku ya kwanza yalijaa saa 2 asubuhi. Saa 1 wewe unaogelea, yamebaki kidogo kujaa, kifuani. Siku ya nne zimeongezeka dakika 150, kujaa kumekwenda saa 4 na nusu, kupwa kulikuwa saa 10 na dakika 18 alfajiri. Ukishuka saa 1 maji hayajafika hata nusu ya safari ya kurudi. Kwenye ufukwe wa matumbawe, ulio bapa, hapo ni magotini.

Rafiki yako hakugombana na wewe. Amegombana na mwezi. Angeogelea saa 4, taulo lingebaki salama.

Jirani Mwema #17
Uzi ufungwe.

Kunguru Mwoga #18
Usifungwe, hajataja kisiwa.

Chongo wa Pili #19
Nahodha, hiyo ya dakika 50 usiipeleke kila mahali. Tahiti maji hujaa karibu saa 6 mchana na saa 6 usiku, siku zote, kwa sababu pale nguvu ya mwezi ni ndogo mno na linalotawala ni jua. Na kuna sehemu maji yanajaa mara moja tu kwa siku, kwa mfano pwani nyingi za Ghuba ya Meksiko. Huko Karibi visiwa vingi maji yanapanda na kushuka kidogo sana, hata kukosa mahali pa kuogelea huwezi.

Nahodha Mkavu #20
Nakubali, ndiyo maana nimesema "sehemu nyingi". Lakini yeye katoka kifuani hadi magotini. Huko si Tahiti wala Karibi.

Chongo wa Pili #21
Sawa. Kama nadharia yako ni kweli, basi watu wa Tahiti hawagombani.

Mbizi72 #22
Mimi na rafiki yangu haikuwa siku ya nne, ilikuwa ya sita. Nataja ili kuvuruga takwimu zenu.

Tulikuwa tunapiga mbizi na mitungi siku nne mfululizo. Ndege yetu ilikuwa siku ya saba saa 8 mchana. Yeye akataka mbizi ya mwisho asubuhi ya siku hiyo hiyo, nikakataa. Akaniita mwoga mbele ya watu. Mwalimu wa mbizi akakataa pia, akamwambia ni sheria, saa 24. Rafiki yangu hakusema na mwalimu, alininunia mimi, mpaka uwanja wa ndege.

Chongo wa Pili #23
Mwalimu alifanya vizuri, lakini si sheria, ni pendekezo, na saa zinategemea. Mbizi moja ya kawaida, angalau saa 12. Mbizi nyingi kwa siku kadhaa kama zenu, angalau 18. Zile ndefu za kina zenye vituo vya kupumzika njiani, zaidi ya hapo. Wengi wanasema 24 ili kuwa na nafasi.

Sababu ni nitrojeni, gesi iliyo kwenye hewa tunayovuta. Chini ya maji inayeyuka kwenye damu na nyama, inahitaji muda kutoka polepole. Ndani ya ndege hewa ni nyepesi, ni kama umepanda mlima wa mita 2,000 na zaidi. Nitrojeni inatoka kwa kasi, inafanya mapovu, na mapovu yakikaa kwenye viungo au uti wa mgongo hilo ni janga.

Asali_Chungu #24
Na wale tunaoelea juu na miwani na bomba la kupumulia?

Mbizi72 #25
Nyie hamhusiki. Pandeni ndege mkiwa bado mmelowa.

Kunguru Mwoga #26
Mbizi, na nyinyi ilikuwa kisiwa gani?

Jirani Mwema #27
Huyu Kunguru ana kiwanja anatafuta au vipi?

Sina_Haraka #28
Naongeza yangu. Kwetu lilikuwa jua. Mwenzangu alisema ngozi nyeusi haiungui, akakataa mafuta ya jua. Siku ya pili ilikuwa na mawingu, akaelea saa tatu uso chini. Siku ya tatu mgongo hauguswi. Hakulala usiku kwa sababu hakuna upande wa kulalia. Siku ya nne kaniambia napumua kwa sauti. Kupumua!

Mama Kimya #29
Pole yake. Ngozi nyeusi ina kinga yake lakini ni ndogo, inaungua vizuri tu, ila wekundu hauonekani haraka mpaka maumivu yaseme. Mawingu mepesi yanapitisha sehemu kubwa ya miale. Maji nayo si kivuli, hata nusu mita chini miale inakufikia. Na kuungua hakuishii siku ile, maumivu yanazidi kati ya saa 12 na 24 baadaye. Siku ya pili unaungua, ya tatu inauma, usiku hulali, ya nne unagomba. Tazameni, siku ya nne hiyo hapo tena.

Na mafuta yanapakwa upya kila saa mbili, na kila ukitoka majini. Mgongo huwezi kujipaka. Ndiyo kazi ya rafiki hiyo.

Asali_Chungu #30
Mama Kimya, na kama mmeshanuniana, mgongo anapaka nani?

Mama Kimya #31
Unavaa fulana unaingia nayo majini. Nimewahi.

Kitanda cha Dirishani #32
Mimi bado nasimama na usingizi, na Mama Kimya kanisaidia bila kujua.

Pochi ya Pamoja #33
Wote mnakwepa pesa. Watu wazima mnasema mawimbi, nitrojeni, ubongo wa kushoto. Nani alilipa boti? Nani alisema "nitakurudishia"? Siku tatu za mwanzo mtu anaona aibu kuhesabu. Siku ya nne anaanza kuhesabu kimoyomoyo. Taulo ni risiti.

Sisi tuliweka mfuko mmoja, kila mtu kiasi sawa siku ya kwanza, matumizi yote ya pamoja yanatoka humo. Ukiisha tunaujaza tena sawa sawa. Tuligombana pia, lakini kwa mambo mengine.

Mchanga_Moto #34
Pochi, sisi tulilipa kila kitu nusu kwa nusu kabla ya kuondoka. Pesa naikataa. Ingawa... boti ya siku ya tatu nililipa mimi. Hajarudisha. Ila sikuwa naiwaza.

Pochi ya Pamoja #35
Umeikumbuka ndani ya dakika 4. Nimetazama muda wa mabandiko.

Mtu Mzima Dawa #36
Mkuu Mchanga_Moto, Pochi kakukamata.

Mchanga_Moto #37
Ni dada, mzee wangu, si mkuu. 🙂

Mtu Mzima Dawa #38
Samahani binti yangu. Na mimi basi niseme langu. Nimesafiri na swahiba yangu mara sita, visiwa vitatu tofauti. Dawa yetu ni moja: kila siku baada ya chakula cha mchana tunaachana mpaka jua likaribie kuzama. Hakuna kuuliza ulikuwa wapi. Kisiwa kidogo, mara nyingine tunapishana njiani, hatusalimiani. Jioni tuna habari za kupeana. Wanaokaa pamoja kutwa jioni hawana la kuhadithiana, kwa hiyo wanahadithiana makosa.

Sina_Haraka #39
"Tunapishana njiani, hatusalimiani" 😂 Mzee wewe ni mtu hatari.

Jirani Mwema #40
Kuna kitu nilisoma: raha ya likizo hufika kileleni siku ya nane. Wiki moja haitoshi. Mleta uzi mlirudi siku moja kabla ya kuwa na furaha kamili.

Bwana Hesabu #41
Jirani, ule ni utafiti wa Uholanzi na umekatwa vipande unaposambazwa. Walikuwa wafanyakazi 54, likizo zao wastani wa siku 23. Siku ya nane katika 23. Huwezi kuichukua ukaipachika kwenye wiki moja. Na hao hao waliporudi kazini, ndani ya wiki ya kwanza walikuwa walivyokuwa kabla ya likizo.

Chongo wa Pili #42
Bwana Hesabu anakataza wengine kupachika siku za watu kwenye wiki moja. Bandiko #4 aliandika pacha wake?

Bwana Hesabu #43
Robo ni robo. Siku ya nane ni siku ya nane. Tofautisha.

Mchanga_Moto #44
Wakuu, nimerudi na habari. Jana nilimpigia mwenzangu, nikamsomea mabandiko yenu. Alicheka sana kwa Nahodha. La kukoroma nililiruka.

Ila kasema jambo. Kasema haikuwa siku ya nne, ilikuwa ya tatu. Tulifika saa 3 usiku, tukaoga tukalala, na yeye usiku huo hauhesabu. Mimi nilikuwa nauhesabu kama siku ya kwanza. Ugomvi ulikuwa kama saa 2 asubuhi. Tumebishana dakika 20 kuhusu hilo.

Asali_Chungu #45
Mmegombana tena. Hii ni siku ya ngapi?

Kitanda cha Dirishani #46
Usiku wa tatu hauna mjadala kwa hesabu yoyote. Alilala usiku mara tatu na mtu anayekoroma, asubuhi akagomba. Mimi nimepita bila kupingwa.

Mtu Mzima Dawa #47
Na wale wenzake wa kazini wanahesabu vipi? Na ile safari ya chaja? Huenda siku ya nne haikuwahi kuwepo.

Bwana Hesabu #48
Nimepiga upya. Saa 3 usiku ya kufika mpaka saa 2 asubuhi ya ugomvi ni saa 59. Wiki ni saa 168. Asilimia 35. Robo ya pili kabisa. Najitoa kwa muda, nitarudi.

Mama Kimya #49
Maji yanafanya kazi siku zote saba. Mimi sijitoi.

Nahodha Mkavu #50
Ngojeni, na mimi linanihusu. Kama walifika usiku, asubuhi ya kwanza ya kuogelea ni hiyo aliyoiita siku ya pili. Mpaka ya ugomvi maji yamesogea mara mbili tu, dakika 100. Kujaa saa 3 na dakika 40, kupwa saa 9 na nusu hivi usiku wa manane. Saa 1 asubuhi yangekuwa yamevuka nusu. Kiunoni, si magotini.

Lakini dakika 50 ni wastani. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yanachelewa chini ya hapo. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yanaweza kuchelewa zaidi ya saa nzima kwa siku, na hapo hesabu yangu inasimama tena. Dada, mwezi ulikuwaje usiku ule kabla ya ugomvi?

Mchanga_Moto #51
Sikuutazama. Tulikuwa ndani tunacheza karata, na alikuwa anashinda.

Pochi ya Pamoja #52
Mlikuwa mnachezea nini?